Mnayapanga yote mkiwa bado chini

Mwamba ninaoupanda ni mdogo. Njia zake zote unazimaliza kwa macho ukiwa umekaa, na wapenda kuta ndefu huupita bila hata kugeuza shingo. Mimi siuachi. Kushoto kwake maji yanaanguka kwa kishindo, na upepo ndiye bosi wa siku. Ukivuma kutoka upande wa maji, rasharasha zinafika hadi kwenye njia ninazozipenda na chaki tunayojipaka mikononi isiteleze inageuka uji. Ukitulia, jiwe linakauka upesi, na ule ubaridi unafanya vidole vishike kuliko siku yoyote ya joto.

Shida ni kelele. Ukifika juu kwenye nanga, zile pete za chuma mwisho wa njia, ukaita "Nishushe!", aliye chini anaona mdomo tu ukifunguka. Ndiyo maana mimi na mwenzangu tunamaliza maneno yote kabla sijagusa mwamba: atanishusha yeye, au nitateremka mwenyewe kwa kamba? Hapo ndipo watu huumia. Mshika kamba anadhani umeshajifunga kwenye nanga, anaichomoa kamba kwenye kifaa chake cha kuizuia. Wewe unadhani bado amekushika, unaegemea nyuma. Wapandaji hodari wameanguka hivyo, tena penye utulivu. Mkataba wetu ni mfupi: haachii kamba mpaka nikanyage ardhi, hata nikipunga mikono kama mwehu. Nami sijifungui kwenye nanga kabla kamba haijakaza na kuubeba uzito wangu wote.

Kamba naiweka juu ya turubai, mbali na maji. Nailoni ikilowa, uwezo wake wa kuhimili mianguko hupungua sana, na inakuwa nzito ajabu. Boliti nazo, vile vyuma vilivyokazwa kwenye matundu ya mwamba ili kushikia kamba, siziamini kwa sura. Chuma kinachoishi na unyevu huota kutu, na kutu ya hatari ni ile iliyojificha ndani ya tundu. Nikiona mchirizi wa kahawia chini ya boliti, au kibao chake cha chuma kinacheza, njia hiyo naiacha, hata kama wenzangu wote wanaipanda.

Njia ninayoirudia kila mara ni ya daraja la 6a, yaani ugumu wa kati. Mwanzo wake ni kama ngazi, sina la kusimulia. Katikati ukuta unatokeza. Mkono wa kulia unapata ukingo wa kutosha ncha za vidole tu, na mguu wa kushoto lazima uende kwenye kinundu kilicho upande wa maji, ambacho aghalabu kina utelezi wa kijani. Nafuta soli ya kiatu kwenye suruali, nakikanyaga taratibu, nasimama. Boliti inayofuata inakuja usawa wa kiuno, na kule kufunga karabina, pete ya kunasia kamba, huku matone yakinigonga sikio, nani atanielewa kama hajatoka nje ya ukumbi wa kupandia? Mayowe ninayopiga hapo hayamfikii mwenzangu. Yeye husema ni heri.