Pangaboi

Mimi ni mtoto wa bareki. Nimekulia kwenye zile nyumba za bati za duara tunaita mama ingia pole, maana usipoinama unaacha paji la uso mlangoni, na Kiswahili changu nilikitoa humo humo, mpaka leo watu wa Kampala wakinisikia wananiita afande na mimi hata gwaride siwezi.

Kwa hiyo juzi nikaanza kusoma kwa simu habari za mwanajeshi Mwingereza wa kawaida kule India enzi za ukoloni, sio afisa, yule praiveti walimwita Tommy, nikashindwa kulala. Eti miaka ya mwanzo ya 1800 askari mwenye mke alikuwa anapewa kona tu ndani ya bareki ya wote, wanatundika blanketi, hapo nyuma ya blanketi ndo nyumba, watoto wanazaliwa hapo na wanaume wamejaa upande wa pili wanacheza karata. Nikasema aah, kumbe sisi na bati letu tulikuwa matajiri.

Tommy kwao alikuwa masikini kabisa, wengi waliingia jeshi kwa sababu ya njaa. Mshahara shilingi 1 kwa siku na humo humo wanakata ya chakula. Kabla mfereji wa Suez haujafunguliwa 1869 meli ilizunguka Afrika yote, miezi kwa miezi baharini, halafu unashuka unakutana na joto na maji machafu. Ripoti ya tume yao ya 1863 ilisema kwenye kila wanajeshi 1,000 walikuwa wanakufa 69 kwa mwaka, na wengi sio risasi, ni kipindupindu, homa, kuhara damu. Kipindupindu kikiingia bareki wanaamriwa kufunga mizigo waende kupiga kambi mbali, na watembee kukata njia ya upepo maana waliamini ugonjwa unakuja na hewa. Kumbe uko kwenye maji, wanaondoka nao tumboni!

Lakini huyo huyo masikini akifika India anakuwa bwana. Dobi anamfulia, kinyozi anapita alfajiri anamnyoa akiwa bado amelala kitandani, sitanii. Hata maneno tumeyarithi, dobi, gari, na hiyo kaki ya jeshi maana yake ni rangi ya vumbi, ni ya huko. Wakubwa zetu Buganda walilipa kodi ya nyumba rupia 3 kwa mkataba wa 1900, rupia za India, kwa hiyo hatukuwa mbali sana.

Sasa kitu kilichonishika ni feni. Mzee wangu feni ya juu anaita pangaboi, nilidhani ni utani wake wa kijeshi. Kumbe panka ilikuwa kitambaa kikubwa kinaning'inia darini, na nje kwenye veranda kuna mtu, ndo huyo boi, amekaa anavuta kamba usiku kucha ili Tommy alale. Mtu! Akisinzia joto linarudi, askari anaamka na hasira anamtafuta na buti. Wengine walipigwa mpaka wakafa, na kesi zikiisha ni faini kidogo au hakuna kitu.

Mwaka 1902 huko Sialkot askari wa 9th Lancers, kikosi cha wapanda farasi cha Waingereza, walimpiga mpishi Mhindi akafa, hakuna aliyetajwa, kimya. Gavana mkuu wao, Curzon, akaadhibu kikosi kizima kwa kufuta likizo zao. Basi Januari 1903 kwenye sherehe kubwa ya Delhi kikosi hicho kikapita mbele ya jukwaa na wazungu wakakishangilia kwa nguvu, Curzon amekaa hapo hapo anawasikia.

Nilimsimulia mzee jioni. Alinyamaza muda mrefu akiangalia juu.

"Na anayevuta alikuwa analala saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, Baba. Akaniambia nizime pangaboi, kuna baridi.