Mrehani kwenye Sahani

Mama alipokuja Houston, Februari 2019, siku nne za mwanzo alikula mkate na chai tu. Nyama hakuigusa, maana hakujua imechinjwa na nani. Nilimwona anapungua, na mimi ndiye niliyemtoa Tanga nikamleta kwenye baridi ile.

Siku ya tano nikampeleka Bellaire Boulevard, kwenye mgahawa mdogo wa Kivietnamu niliokuwa nikiupita nikitoka kazini. Meza chache, vijiti na vijiko vimesimamishwa kwenye makopo. Nilifuata samaki. Wavietnamu walianza kufika Texas kwa wingi baada ya Saigon kuanguka Aprili 1975, na wengi wakaingia Ghuba ya Meksiko kuvua kamba. Nikajiambia, chakula cha watu wa bahari hakiwezi kumshinda Mama.

Niliagiza bánh xèo, chapati yao nyembamba ya kukaanga, ya kamba bila nguruwe. Nikauliza pia kama unga umetiwa bia, kwani wapo wanaotia. Kijana akaingia jikoni kumuuliza mama yake, akarudi na jibu: unga wa mchele, tui la nazi, manjano na maji, basi.

Ikaja imekunjwa katikati, kandokando imekauka inavunjika. Mama akamega, akatafuna kimya.

"Hiki si kibibi hiki?" akasema. "Ila hawakutia sukari wala hamira."

Ikafuata supu ya samaki, canh chua, yenye ukwaju, nyanya, bamia na vipande vya nanasi. Nanasi alilitoa akaliweka pembeni. Ule ukwaju lakini! Alikunywa bakuli zima, akaomba jingine, na mimi nikashindwa kula kwa kumtazama. Kulikuwa na kibakuli cha nước mắm pia, mchuzi wa dagaa na chumvi waliolazwa miezi mingi. Aliunusa, akausogeza upande wangu. Kijana alipomweleza kwamba ndio uliokoleza ile supu, akauvuta tena akaonja kwa ncha ya kidole.

Kisha akaiona sahani ya majani: saladi, nanaa, na matawi ya mrehani yenye shina la zambarau.

"Mwanangu, hawa wanakula mrehani?"

Kwetu mrehani ni wa kikuba, wa nywele na nguo za harusi. Sijawahi kuuona mezani nyumbani. Yule mama wa jikoni, makamo yake na Mama, akatoka kutuonyesha. Lugha hawakuwa nayo hata moja ya pamoja. Akakata kipande cha bánh xèo, akakilaza juu ya jani la saladi, akapanga nanaa na mrehani, akakunja, akachovya. Mama akamwiga kwa mkono wake wa kulia, vizuri kabisa, isipokuwa mrehani: huo aliuchomeka sikioni, chini ya mtandio.

Yule mama akaangua kicheko cha furaha. Alirudi jikoni, akatuletea fungu zima ndani ya mfuko, na pesa akazikataa.

Usiku ule Mama aliuweka kwenye glasi ya maji dirishani. Alipoondoka Aprili ulikuwa umetoa mizizi, myeupe kama uzi. Uwanja wa ndege, kabla ya kuniaga, akaniambia niuhamishie kwenye udongo.

"Na usije ukautia kwenye supu. Huo ni wa kunusa."