Bao la tatu

Jana usiku nilikuwa uwanjani hapa Edmonton, Kanada, vidole vimekufa ganzi, mpwa wangu wa miaka 12 akifanyiwa majaribio ya ukipa wa hoki ya barafu. Mimi niliyekulia Tanga nikicheza chandimu mchangani nilidhani kipa hupimwa kwa mashuti aliyookoa. Wapi! Kocha aliyekaa mbele yangu hata hakuwa akihesabu. Macho yake yalikuwa miguuni: anajisukumaje kutoka mlingoti huu hadi ule, ametulia kabla shuti halijapigwa, akipiga magoti chini kunazibika? Na paki, kile kisahani kigumu kinachopigwa badala ya mpira, ikimgonga, anaitema katikati kwa wapinzani au anaisukumia pembeni? Goli lenyewe upana sentimita 183 tu, kimo 122, lakini paki ikichapwa sawasawa huioni.

Akafungwa la tatu, la kizembe kabisa, katikati ya miguu. Dada akaziba uso. Mtoto akachukua chupa yake juu ya wavu, akanywa, akagonga milingoti kwa gongo, kushoto, kulia, akainama tena. Hapo ndipo kocha akaandika kitu.

Majibu Jumapili. Dada hali wala halali. Mwenyewe kaomba chipsi mayai.