Taa imewaka, injini nzima

Nauza spea Gerezani, Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa, na nakaa Kimara. Maisha yangu yote yamelala juu ya mstari mmoja wa mabasi ya mwendokasi ya Dar: asubuhi napanda Kimara Mwisho, nashuka Gerezani, jioni nageuza. Huo ndio mstari niliokuja kuuogopa, nikashindwa kuukanyaga kwa miezi saba.

Ilianza masika. Maji yalikuwa yamejaa Jangwani, basi limejaa pomoni na haliendi. Nimeshika bomba, sina ninachowaza zaidi ya mteja wangu wa giaboksi aliyesema atafika saa mbili. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama injini iliyokwama mafuta juu. Vidole ganzi, midomo ganzi, kifua kimebana, jasho linachuruzika. Wazo likaja bila kupiga hodi: nakufa hapa hapa, nimesimama. Mlango ulipofunguka Magomeni Mapipa nikasukuma watu kama kibaka. Nje kulikuwa na mama muuza karanga. Akanikalisha juu ya ndoo yake, akanipa maji, akanikazia macho.

"Baba, una sukari wewe?"

Nikamwambia sina.

"Basi kapime."

Robo saa baadaye nilikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikapima. Hospitali moja, siitaji, wakanipima umeme wa moyo, picha ya kifua, malaria na taifodi (Dar ukitoka hospitali bila kupimwa malaria unaona umepunjwa). Vyote safi. Daktari hata uso hakuinua: "Huna kitu. Punguza mawazo." Nikalipa nikaondoka. Wiki hiyo hiyo ikanirudia kwenye foleni ya benki, halafu saa nane usiku, nimelala. Kama sina kitu, hiki ni nini?

Nyumbani majibu yalikuwepo. Mke wangu aliona ni kijicho cha watu wa mtaani. Mjomba wake akaja kunisomea kisomo, na sidharau, usiku ule nililala. Mwenzangu wa dukani akanipa vidonge vya diazepamu. Nusu tu, dakika chache umetulia. Ubaya wake ni huo huo, kwamba kinatuliza haraka mno. Ukikimeza kila siku mwili unakizoea, unataka zaidi, na siku ukikikosa hofu inakuja na riba.

Nikihesabu, kile kitu chenyewe kilinipata labda mara saba. Kilichonimaliza ni siku za katikati, kukisubiri. Nikahama basi nikaingia kwenye bodaboda, elfu sita kwenda, elfu sita kurudi, piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Ijumaa nikawa nasali nje kwenye mkeka, ndani nawaachia wengine. Benki namtuma dogo. Shemeji yangu alioa Kigamboni, nikasema tumbo linaniuma, kwa sababu pantoni likishang'oa huwezi kushuka. Ningemwambia nani? Mwanaume mzima na ndevu zake anaogopa basi! Jibu la mjini nalijua: kampeleke Mirembe, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nesi wa zahanati ya mtaani, baada ya kunipima presha mara ya nne na kuikuta sawa, ndiye aliyenielekeza idara ya afya ya akili, Muhimbili. Nilienda na kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, nikitegemea kukuta watu wamefungwa kamba. Nikakuta benchi. Dada mmoja wa ofisini, dereva wa bajaji, mama na kijana wake, kila mtu anachezea simu.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu. Aliuliza mengi: inakuja wapi, ikija unafanyaje, unakunywa nini. Nikasema kahawa chungu, vikombe sita kwa siku. Akaandika. Akanipima damu na tezi ya shingo, maana tezi ikizidisha kazi nayo huukimbiza moyo hivyo hivyo. Akauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kama vitu nilivyovipenda bado navipenda, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Hapo alikuwa anatafuta sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambao mara nyingi huongozana na hofu. Nikamuuliza zinatofautianaje. "Wewe kaka unataka kupanda basi, unaogopa," akasema. "Mwenye sonona mara nyingi haoni hata sababu ya kutoka kitandani kwenda kulipanda."

Kisha akaniambia nipumue kwa mdomo, harakaharaka, dakika moja, na yeye akapumua pamoja nami. Hata dakika haijaisha, vidole ganzi, midomo ganzi, moyo mbio.

"Ndiyo yenyewe?"

Ndiyo yenyewe.

"Nani amekuletea?"

Nimejiletea mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, chini ya feni. Ukipumua namna ile unatoa kabonidayoksaidi kuliko inavyotakiwa, na ganzi inatokea hapo. Hofu yenyewe hupanda, aghalabu hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka. Mimi kila mara nilikuwa nakimbia kabla haijashuka, mwili ukajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa.

Nilimwelewa kwa lugha ya dukani. Mteja anakuja, taa ya cheki injini imewaka. Anabadilisha plagi, anabadilisha nozeli, anamaliza hela, kumbe injini nzima, sensa, kile kipimo kinachoiwasha taa, ndiyo inayosema uongo. Ila taa imewaka kweli. Aliyeniambia sina kitu alikosea hapo.

Usiku nikachimba kwenye simu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya hofu ya aina moja au nyingine. Ni karibu mara tano ya Watanzania wote tuliohesabiwa mwaka 2022, kwenye ile sensa nyingine.

Daktari alinianzishia dawa ya fluoksetini. Siku za mwanzo nilitetemeka zaidi, nikataka kuitupa. Alikuwa ameshanionya, na kwamba nisiiache bila kumwambia. Nilianza kuona nafuu wiki ya nne. Lakini kazi yenyewe ilikuwa barabarani. Kimara hadi Korogwe, kituo kimoja, narudi. Kila siku, wiki nzima. Kisha Bucha. Kisha Baruti. Sharti: nisisimame mlangoni, nisibebe chupa ya maji, na kile kidonge nilichokuwa natembea nacho mfukoni kama hirizi kibaki nyumbani. Hicho kilinishinda kuliko vyote. Siku ya kwanza bila kidonge nilishika mfuko mtupu njia nzima.

Manzese nilikwama wiki mbili. Nafika, nashuka, narudi Kimara na aibu yangu. Tajiri, mwenye duka, alipouliza kwa nini nachelewa nikamweleza, nikitegemea matusi. Akaguna tu, akasema nifungue saa tatu mpaka nipone.

Magomeni ilipofika zamu yake, hofu ilinipata kabla hata ya kituo cha Usalama. Nikaangalia saa ya simu, nikaiacha ipige. Dakika tatu. Tano. Nilitamani kulia. Dakika ya tisa nikagundua nilikuwa nasikiliza watu wawili wakibishana Simba na Yanga, na nilikuwa na jibu.

Nikashuka Mapipa kwa hiari yangu, shati limelowa, nikamtafuta yule mama. Alikuwa pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We si yule wa sukari? Imeshuka?"

Nikasema imeshuka. Siku nyingine nitamwambia ukweli. Asubuhi ile nilikuwa nawahi duka. Nikanunua karanga za mia tano nikarudi kupanda basi.