Siku moja maishani mwangu: mhariri wa video za harusi, Sinza

Napanda mwendokasi Kimara kabla ya saa moja asubuhi, nashuka Shekilango, namalizia kwa bodaboda. Saa mbili na robo nimeshafagia, nina chapati mbili na chai ya rangi mezani. Wapita njia wakichungulia wanadhani nalipwa kutazama harusi za watu kutwa nzima.

Saa tatu. Kazi ya leo ni send-off ya Jumamosi: kamera mbili, na simu ya kaka wa bibi harusi. Za kamera zimeingia bila neno. Za simu, sauti ipo, picha nyeusi tii. Ijumaa video nyingine za simu zilikuwa zinaingia. Nikamgeukia kijana wangu wa kazi. "Kaka, jana kuna muvi iligoma, nikashusha pakiti ya kodeki."

Kwa wasiojua: MP4 ni kopo tu. Kopo la Blue Band nyumbani kwenu ukilifungua si unakuta sindano na nyuzi? Humo ndani kunaweza kuwa na H.264, iliyopo tangu 2003 na inayoeleweka na karibu kila mashine, au H.265, ambayo iPhone zilianza kurekodia 2017 ili video zile nafasi ndogo. Kodeki ni mkalimani. Pakiti ile ilileta wakalimani wapya, kila mmoja na namba yake ya cheo, na Windows humwita mwenye cheo kikubwa. Programu yangu ni ya zamani, inapokea yeyote anayeletwa. Aliyeletwa hawakuelewana. Muvi ya kijana, lakini, inacheza safi.

Kuiondoa pakiti na kuwasha upya kulinila saa nzima. Picha ikarudi, ila inakwamakwama. Hapo ndipo simu ikaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imeisha?" Ni mama mdogo wa bibi harusi, mweka hazina wa kamati. "Sasa mbona kwenye simu inacheza? Jana tumeitazama ukoo mzima."

Swali zuri, na ndilo linalonichosha kuliko yote. Simu ina chipu ya kazi hiyo, na inacheza kwenda mbele tu. Mimi narudi nyuma, naruka, nakata. H.265 haihifadhi kila fremu nzima, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Nyingi zimebeba kilichobadilika tu, zinategemea jirani zake. Nikitaka fremu moja, kompyuta inafungua kundi zima. Ningemweleza hayo? Nikasema kuna sehemu narekebisha. Akapiga tena: matarumbeta yaongezwe. Akapiga tena: shemeji fulani asionekane sana, yeye mwenyewe anajua kwa nini. Mara ya nne: "Si uitume WhatsApp nione ulipofikia?"

Mchana huo nikagundua la pili. Dakika ya arobaini MC amefunga mdomo, sauti yake bado inatangaza. MediaInfo, programu ya kuchungulia kilichomo ndani ya faili, ikanionyesha: idadi ya fremu kwa sekunde inapanda na kushuka. Ukumbini taa zikififizwa simu ilipunguza fremu ili ipate mwanga, programu yangu ikahesabu 30 kila sekunde kama kawaida. Dawa ni moja, kugeuza zote ziwe ProRes, kodeki ya kuhariria, fremu 30 kwa sekunde zisizoyumba, kila fremu ikijitegemea. Gharama yake ni nafasi: saa moja na dakika kumi za simu zinakuwa GB 77 hivi, na diski imebaki na 50. Nikahamisha video ya kipaimara ambayo mwenyewe hajamaliza kulipa.

Ilipofika asilimia 71 umeme ukakatika. UPS yangu, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilishakufa. ProRes hukaa kwenye kopo la MOV, na faili lile huandikwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo lililokatizwa njiani halifunguki. Asilimia 71 za bure. Nilikaa nje na kijana tukala mihogo, hatukuongea. Umeme uliporudi nikaanza sifuri, mama akapiga, sikupokea, nikajisikia vibaya, nikampigia mimi.

Sijui ilikuwa saa ngapi, muuza chipsi wa pembeni alikuwa anazima jiko. Niliweka mstari wa video ya simu juu ya ule wa kamera nikaenda moja kwa moja kwenye keki. Bibi harusi anamlisha mama yake, anasema "asante mama", na mdomo na sauti vinaenda pamoja. Nikairudia mara tatu. Kijana akaja kusimama nyuma yangu, akaomba niirudie ya nne.

Mwendokasi ulikuwa umejaa. Nilisimama mpaka Kimara.