Vidato vya mnazi na swali la potasiamu

"Mwalimu, kwa nini sodiamu haipiti kwenye chaneli ya potasiamu, na yenyewe ndiyo ndogo?"

Aliyeuliza ni binti wa kidato cha tano, kwenye tuisheni ninayofundisha hapa Bagamoyo. Nilikuwa nimetoka kueleza protini chaneli kama nilivyoelezwa mimi zamani: utando wa seli una mafuta katikati, ioni, yaani atomu zenye chaji, hazipenyi kwenye mafuta, kwa hiyo zipo protini zilizokaa ndani ya utando zikiwa na kijia cha kuzipitisha. Kisha nikasema kijia hicho ni kama chekeche. Hapo ndipo nilipoharibu. Nusu kipenyo cha ioni ya potasiamu ni pikomita 133 hivi, cha sodiamu 95 hivi. Chaneli ya potasiamu inaweza kupitisha potasiamu karibu milioni 100 kwa sekunde, na katika kila 10,000 huponyoka sodiamu moja tu hivi. Chekeche gani linapitisha chenga likazuia unga?

Nilimwomba wiki moja.

Jibu lenyewe nililipata usiku wa pili. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria wa udongoni, kazi iliyompa Nobel ya Kemia mwaka 2003, pamoja na Peter Agre aliyegundua chaneli za maji. Ioni ikiwa majini haitembei uchi. Molekuli za maji zimeizunguka, oksijeni zao zimeielekea. Ili ipite pale pembamba lazima ivue maji yale, na kuyavua ni gharama. Chaneli imepanga atomu zake za oksijeni ukutani kwa nafasi ileile ambayo maji huwa nayo kuzunguka potasiamu. Potasiamu inavua huku, inapokelewa kule, haipotezi kitu. Sodiamu ikivua, oksijeni za ukutani ziko mbali nayo, hazishikiki. Kwa hiyo inabaki na maji yake, na ikiwa nayo haipenyi pale pembamba.

Nilielewa, lakini kila nikijaribu kulisema kwa sauti naona wanafunzi watakariri tu.

Jumamosi nilikwenda Kaole kununua madafu kwa mzee ambaye ni mkwezi tangu ujana wake. Mnazi wake mmoja una vidato vilivyochongwa kwa panga, kimoja kushoto, kingine kulia, vimelainika kwa nyayo. Mjukuu wake, wa miaka saba hivi, mwepesi kama jani, akakanyaga kidato cha kwanza akanyoosha mguu kutafuta cha pili. Mguu ukaelea hewani. Akajivuta, akakumbatia gogo, akateleza mpaka chini.

"Shuka, baba," mzee akamwambia, ingawa alishafika chini. "Vidato hivi nimechonga kwa mguu wangu mimi."

Niliomba ruhusa kupima kwa shubiri zangu. Shubiri tatu na ushee kutoka kidato hadi kidato.

Jumatatu nilichora mnazi ubaoni kabla ya kuchora utando wowote. Nikauliza nani anapanda, mzee au mtoto, na kwa nini udogo haumsaidii mtoto. Darasa zima lilijibu. Ndipo nikaandika potasiamu kwa mzee, sodiamu kwa mtoto, oksijeni kwenye vidato, na yule binti akafuta neno "chekeche" kwenye daftari lake bila kuambiwa.

Naamini mfano wa nyumbani unashinda mchoro wa kitabu, ila lazima useme unapokatikia. Nikawaambia: mkwezi anatumia nguvu, chaneli haitumii nishati ya seli. Ioni zinateremka zenyewe, zikisukumwa na tofauti ya wingi wake na ya chaji kati ya pande mbili za utando. Pampu ya sodiamu na potasiamu, protini nyingine ya utando, ndiyo inayolipia nishati, kutoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2.

Binti akatazama ubao kidogo. "Basi mwalimu, kwenye chaneli mzee hapandi. Anashuka."

Nikageuza mshale.