Mgonjwa wa akili naye ana kauli juu ya dawa zake

Karibu kila mtoa huduma wa afya ya akili husema kwamba huwashirikisha wagonjwa, lakini mara nyingi daktari hueleza dawa aliyokwisha kuichagua, kisha huuliza kama imeeleweka. Hiyo ni ridhaa tu, tena hafifu. Uamuzi wa pamoja huanza pale mgonjwa anapoelezwa njia zote zilizopo, pamoja na faida na madhara ya kila moja, kisha akaulizwa ni madhara yapi anaweza kuyavumilia.

Katika uuguzi hili nimelikuta sana kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo. Dawa moja, olanzapini, humtuliza mtu, ila huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari. Nyingine, haloperidoli, hainenepeshi kiasi hicho, lakini inaweza kukakamaza misuli na kuleta mtetemeko. Fundi cherehani, ambaye riziki yake iko mikononi, huenda akachagua tofauti na mtu ambaye wazazi wake wote wawili wana kisukari, na wote watakuwa na haki. Asiyeulizwa huamua peke yake: huacha dawa kimya kimya nyumbani, nasi tukaandika kwenye faili kwamba ni mkaidi, ilhali hakuna aliyetaka kujua kilichokuwa kikimsumbua.

Wapo wanaosema kwamba aliyezidiwa na ugonjwa hawezi kuamua lolote. Kuna wakati hoja hiyo ina uzito, lakini uwezo wa kuamua hupungua na kurudi, na wengi huwa na miezi mingi ya utulivu. Huo ndio wakati wa kuketi na kuandika mpango wa dharura: dawa anayoikubali, ile iliyowahi kumdhuru, nani apigiwe simu, nani abaki na watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 12, unataka mtu asaidiwe kuamua, na matakwa yake yaheshimiwe. Ndugu nao wana nafasi yao, mradi wasimjibie aliyeketi mbele yetu.

Mpango huo uwekwe mwanzoni mwa faili, mahali ambapo muuguzi wa zamu ya usiku atauona kabla ya kuandaa sindano. Ikilazimu kuukiuka, sababu iandikwe, na mgonjwa aelezwe mara apatapo nafuu, naye apewe nafasi ya kuurekebisha.